Mshipa Umezibuliwa, Mbona Moyo Bado Hauna Nguvu?

*Daktari, mume wangu ana miaka 54, ni fundi seremala hapa Tanga. Wiki tatu zilizopita aliamka alfajiri akisema kifua kinawaka moto. Tukajua ni vidonda vyake vya tumbo vya siku zote. Nikampa maginesiamu, akapata nafuu, akaenda kazini. Saa tano maumivu yakarudi, yakatulia. Saa nane mchana yakaja kwa nguvu, jasho linamtoka, mkono wa kushoto mzito. Tulifika hospitali magharibi. Wakampima umeme wa moyo, wakasema ni shambulio la moyo, wakamchoma dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Usiku huohuo akapelekwa Dar es Salaam, na kesho yake mshipa ukazibuliwa, ikawekwa stenti. Tuliambiwa kazi imekwenda vizuri, damu inapita kama kawaida.*

*Siku ya pili yake wakampima eko. Karatasi inasema nguvu ya moyo ni asilimia 31. Yaani moyo wa mume wangu umekufa asilimia 69? Shemeji yangu ni fundi wa magari, anasema tumeibiwa: ukibadilisha pampu ya dizeli gari linawaka palepale, iweje mrija uwe wazi na moyo usisukume? Anataka tuuze shamba tumpeleke India. Mama mkwe hamruhusu kushuka kitandani hata kwenda msalani. Mtu wa dawa za asili amesema vidonge vya hospitali ndivyo vinavyomdhoofisha na kumletea kikohozi, aviache. Mwenyewe hulia usiku akidhani nimelala. Na mimi sisahau kwamba mkono uliompa maginesiamu ni wangu. Ramadhani inakaribia, anasema lazima afunge. Tena, naona aibu kuuliza, sisi kama mke na mume ndiyo basi?*

*Mama R., Tanga*

Mama R., pole sana, na mfikishie mumeo pole zangu.

Nianze na ile asilimia 31, maana naona ndiyo iliyokunyima usingizi kuliko yote. Haina maana kwamba asilimia 69 ya moyo imekufa. Chumba cha chini upande wa kushoto, kile kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, hakimwagi damu yote kiliyo nayo, hata kwa kijana anayecheza mpira kila jioni. Tuseme kimejaa mililita 120. Pigo moja hutoa kama 70, na zinazobaki hukaa ndani kungoja pigo linalofuata. Ndiyo maana moyo wenye afya husoma kati ya 55 na 70 hivi. Hakuna binadamu anayesoma 100. Siku ile moyo wa mumeo ulikuwa unatoa kama nusu ya kile ambacho ungepaswa kutoa. Huo ni udhaifu mkubwa na sitaufanya mdogo, lakini uko mbali na hesabu uliyokuwa ukiipiga usiku kucha. Tena wapimaji wawili stadi wakimpima mtu mmoja siku moja huweza kutofautiana kwa pointi tano au zaidi, kwa hiyo namba hiyo isome kama makadirio. Inaniuma kwamba mlikabidhiwa karatasi ile bila mtu kukaa nanyi dakika mbili kuwaeleza hayo. Familia nyingi hutoka hospitali na namba ya aina hiyo mfukoni, zikaanza kuomboleza mtu aliye hai.

Muhimu kuliko namba yenyewe ni siku iliyopimwa. Mumeo alipimwa siku ya pili baada ya kuzibuliwa mshipa. Siku hiyo, kwa mtu aliyepatwa na yaliyompata yeye, eko huona vitu viwili vilivyochanganyika wala haiwezi kuvitenganisha kwa macho: msuli uliokufa, na msuli ulioduwaa. Vyote viwili havisogei. Kimoja hakitasogea tena, na kingine kitasogea. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo lilipo jibu la shemeji yako pia.

Misuli ya moyo haina akiba. Huishi kwa oksijeni ya pigo hadi pigo. Damu ikikatika, sehemu iliyokatiwa huacha kujikunja ndani ya dakika moja. Robert Tennant na Carl Wiggers walilionyesha hilo kwa mbwa mwaka 1935 huko Marekani: walipofunga mshipa wa moyo, ukuta uliokuwa ukiingia ndani kwa kila pigo ulianza kutuna kwenda nje. Lakini kuacha kazi si kufa. Seli za moyo huweza kuvumilia kama dakika 20 bila damu kabla zile za kwanza hazijaanza kufa moja kwa moja.

Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari waliamini kwamba msuli ama umekufa, ama ukirudishiwa damu utarudi kazini papo hapo. Yaani waliamini kama shemeji yako anavyoamini leo. Mwaka 1975 Guy Heyndrickx na wenzake wakafunga mishipa ya moyo ya mbwa waliokuwa macho, kwa dakika 5 au 15 tu, kisha wakaifungua. Damu ikarudi. Umeme wa moyo ukawa sawa muda mfupi baadaye. Msuli wenyewe, hata hivyo, uliendelea kujikunja kwa udhaifu saa baada ya saa. Waliofungwa mshipa kwa dakika 15 walikuwa bado na udhaifu zaidi ya saa sita baadaye, na hakuna sehemu ya msuli iliyokuwa imekufa. Mwaka 1982 Eugene Braunwald na Robert Kloner wakaipa hali hiyo jina, msuli ulioduwaa, na kuwaambia madaktari waziwazi kwamba wanaweza kuwa wanauona kwa wagonjwa wao kila siku: moyo ulio hai, wenye damu ya kutosha, ambao kwa muda haufanyi kazi.

Kwa nini iwe hivyo? Damu inaporudi kwenye seli iliyokuwa na njaa, oksijeni ileile inayookoa huzalisha, katika dakika za kwanza, molekuli kali zinazojeruhi kuta na protini za seli. Kalsiamu nayo, ambayo ndiyo inayotoa amri ya kila mkunjo, hufurika ndani kupita kiasi. Vurugu hiyo ikitulia, nyuzi zinazopaswa kuitikia amri zinakuwa zimeumia, na huitikia nusunusu. Damu ipo, umeme upo, amri inatoka, lakini nyuzi hazivuti. Seli hulazimika kutengeneza protini mpya na kuziweka mahali pa zilizoharibika. Ikiwa mshipa ulifungwa kwa dakika chache, kazi hiyo huchukua saa au siku. Ukiwa umefungwa kwa saa kadhaa, kama wa mumeo, huchukua siku na wiki, na kwa wengine miezi.

Kwa hiyo mwambie shemeji yako kwamba swali lake ni la fundi makini na lilistahili kuulizwa. Pampu ya dizeli ni chuma: ikipata mafuta inafanya kazi, ikikosa haifanyi, na kukosa mafuta kwa saa tano hakuiumizi. Moyo ni nyama. Huumia kwa kukosa damu, huumia tena kidogo kwa kurudishiwa damu, kisha hujijenga upya taratibu. Hamkuibiwa. Kuzibua mshipa kulikuwa sharti la moyo kupona. Kupona kwenyewe kulianza siku ile na bado kunaendelea mnaposoma majibu haya.

Sasa sehemu ngumu. Kiasi fulani cha msuli wa mumeo kimekufa, na hicho hakitarudi. Mahali pake patakuwa kovu. Ni kiasi gani, hakuna anayeweza kukuambia kwa karatasi ya siku ya pili. Keith Reimer na Robert Jennings walionyesha miaka ya 1970 kwamba kifo cha msuli huo huenda kama wimbi. Huanzia tabaka la ndani kabisa la ukuta wa moyo na kusogea kwenda nje kadiri mshipa unavyokaa umefungwa. Mshipa ukifunguliwa mapema, tabaka la ndani hupotea na la nje huokoka. Ukichelewa kwa saa nyingi, ukuta karibu wote hupotea. Ndiyo maana tunapigia kelele muda.

Najua ukisoma hapo moyo wako utakimbilia kwenye ile maginesiamu. Nisikilize, dada yangu. Maginesiamu haikuua kitu. Kuchelewa kulikula sehemu ya msuli, hilo ni kweli, na ningekudanganya ungenijua. Lakini mtu mwenye historia ya vidonda vya tumbo akisema kifua kinawaka moto alfajiri, akanywa dawa ya tumbo, akapata nafuu na akaondoka kwa miguu yake kwenda kazini, hata tabibu aliyesoma angeweza kumrudisha nyumbani. Maumivu ya moyo na ya tumbo hukaa jirani, na mishipa ya fahamu haiyatenganishi vizuri. Wewe ulimtibu kwa maradhi uliyoyajua. Yalipobadilika, jasho likatoka na mkono ukawa mzito, mlikwenda hospitali. Wapo wanaokaa nyumbani mpaka siku ya tatu.

Tena kuna jambo katika barua yako ambalo wewe umeliandika kama kosa, nami nimelisoma kwa matumaini. Maumivu yalikuja, yakatulia, yakarudi, yakatulia, ndipo yakaja kwa nguvu. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba bonge la damu lilikuwa likiziba na kuachia kabla ya kuziba moja kwa moja. Mwaka 1986 Charles Murry, pamoja na Jennings na Reimer, waliwafunga mbwa mshipa wa moyo kwa dakika 5 na kuufungua, mara nne, kabla ya kuufunga kwa dakika 40. Eneo lililokufa lilikuwa robo tu ya lile la mbwa waliofungwa dakika 40 bila matayarisho hayo. Vipindi vifupi vya njaa huufundisha msuli kuvumilia njaa ndefu. Siwezi kukuapia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa mumeo, maana hakuna aliyekuwa ndani ya mshipa wake asubuhi ile. Ila saa zako usizihesabu kuanzia alfajiri kana kwamba zote zilikuwa za kufa. Anzia saa nane mchana, na kumbuka kwamba magharibi alikuwa tayari amechomwa dawa ya kuyeyusha.

Kama unataka kufanya kitu na uchungu huo, waambie majirani. Maumivu au mbano wa kifua unaozidi dakika 15, hasa ukiwa na jasho, kichefuchefu, au ukienda mkononi, begani au kwenye taya, ni wa kupimwa umeme wa moyo mara moja, hata kwa mwenye vidonda. Asiyekuwa na mzio wa aspirini wala asiyetoka damu atafune miligramu 300 akiwa njiani.

Twende kwenye vidonge, na hapa nitasema kwa ukali kwa sababu hapa ndipo mumeo anaweza kufa. Asiviache. Hata siku moja.

Bila shaka kuna aspirini na mwenzake, mara nyingi klopidogreli. Hivi viwili havimdhoofishi mtu. Kazi yake ni kuzuia damu isigande juu ya stenti, ambayo kwa sasa ni chuma kigeni ndani ya mshipa, hakijafunikwa bado na ngozi laini ya mshipa wenyewe. Mtu akiviacha mwezi wa kwanza, stenti inaweza kuziba ghafla, na shambulio la namna hiyo huua wengi. Kwa kawaida huendelea navyo pamoja kwa mwaka mmoja, kisha daktari huamua kipi kibaki. Fizi zikitoka damu kidogo au ngozi ikifanya michubuko, mwambieni daktari, ila msiviache kwa uamuzi wenu. Akipata choo cheusi kama lami, mkimbizeni hospitali. Kwa sababu ana vidonda, ulizeni kama ameandikiwa dawa ya kulinda tumbo, na kama hakuandikiwa, ombeni.

Vingine ndivyo vinavyoupa moyo nafasi ya kupona. Kovu jipya ni jembamba na laini. Moyo ukipigana na presha kubwa na mapigo ya haraka, kovu hunyumbuka, chumba kikapanuka, na msuli mzima uliobaki ukachoshwa kwa kazi ya ziada. Dawa za jamii ya enalaprili hupunguza mzigo huo. Mwaka 1992 utafiti wa wagonjwa 2,231 waliotoka kwenye shambulio wakiwa na nguvu ya moyo ya asilimia 40 au chini yake, watu kama mumeo kabisa, ulionyesha kwamba waliopewa kaptoprili, dada wa enalaprili, walikufa wachache kwa asilimia 19 kuliko wenzao katika miaka mitatu na nusu hivi. Mwaka 2001 utafiti mwingine wa wagonjwa 1,959 wa aina hiyohiyo ukatoa majibu kama hayo kwa kavediloli, dawa inayotuliza mapigo: kati ya kila 100 walikufa 12 badala ya 15. Siku hizi huongezwa spironolaktoni, na dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari. Kuna pia atovastatini kwa ajili ya lehemu iliyoziba mshipa tangu mwanzo.

Sina ugomvi na dawa za asili kwa kuwa ni za asili. Aspirini yenyewe asili yake ni gome la mti. Nina ugomvi na mtu anayemwambia mgonjwa wa wiki tatu mwenye stenti aache vidonge, halafu yeye hatakuwepo usiku huo mkiita gari. Kama anataka kusaidia, aende na dawa yake kwa daktari aeleze imetengenezwa na nini.

Kikohozi kipo cha aina mbili, nanyi ndio mtakaokitofautisha. Kikiwa kikavu, cha kuwasha kooni, mchana na usiku, huku anapumua vizuri, huenda ni enalaprili. Hiyo ni kero inayojulikana, na daktari anaweza kuibadilisha kwa losartani bila kupoteza faida. Kikiwa kinamshika akilala chali na kutulia akikaa, kikiwa na pumzi fupi au makohozi ya povu, hayo ni maji kwenye mapafu, na asingoje kliniki. Nunueni mzani. Ajipime kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, amekusanya maji hata kama miguu haijavimba, na inabidi aonekane haraka. Chumvi ipunguzwe kwelikweli: si kuiacha mezani tu huku mchuzi ukiwa na vipande viwili vya viungo vya dukani, ambavyo karibu vyote ni chumvi.

Tahadhari moja kwa fundi seremala, ambaye mgongo wake lazima umezoea kuuma: diklofenaki na ibuprofeni zisimkaribie. Zinauzwa kila duka la dawa kama pipi, na kwa moyo uliotoka kwenye shambulio zinabakiza maji mwilini na kuongeza hatari ya shambulio jingine. Mgongo ukiuma, parasetamoli.

Mama mkwe wako anafanya kile ambacho hospitali kubwa za dunia zilifanya zamani. Mpaka katikati ya karne iliyopita mgonjwa wa shambulio la moyo alilazwa chali wiki nne hadi sita, akalishwa na kuogeshwa, na wengi walikufa kwa damu iliyoganda miguuni ikapanda mapafuni. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, wa Boston, wakaanza kuwakalisha wagonjwa kwenye viti tangu siku za mwanzo. Wenzao waliwaona wakatili. Wagonjwa wakapata nafuu, na kitanda hakikurudi tena kuwa dawa. Mpelekee mama habari hiyo kwa heshima, wewe au mumeo mwenyewe, maana anamlinda mwanawe kwa namna aliyoijua. Wiki ya tatu mumeo anapaswa kuwa anakwenda msalani mwenyewe, anaoga mwenyewe akikaa kwenye kigoda, na anatembea uani dakika tano asubuhi na tano jioni, akiongeza dakika moja au mbili kila siku mbili tatu. Kipimo ni mazungumzo: akiweza kutembea huku anaongea nawe, mwendo unafaa, akikosa pumzi ya kumaliza sentensi, apumzike. Kunyanyua mbao na kusukuma randa kusubiri. Miguu isisubiri.

Na hayo machozi ya usiku usijifanye huyaoni. Huzuni baada ya shambulio la moyo ni ya kawaida sana na ina madhara yake: mwenye huzuni huacha dawa, huacha kutembea, hukosa hamu ya kula. Mwambie umemsikia. Mweleze ile habari ya 31, kwa sababu nina hakika naye anaamini amebakiwa na theluthi moja ya moyo. Ikipita wiki mbili zaidi hali ikiwa ileile, mtajie daktari, huzuni nayo ina tiba.

Kuhusu funga, Ramadhani hii asifunge. Ana moyo unaojijenga, vidonge vya asubuhi na jioni, na dawa za kutoa maji zinazoweza kumkausha akakosa hata mkojo. Dini haimlazimishi mgonjwa, na hilo sheikh wa msikiti wenu atamwambia vizuri kuliko mimi. Akimsikia sheikh kuliko daktari, basi muiteni sheikh nyumbani.

Hukuwa na sababu ya kuona aibu kuuliza kuhusu tendo la ndoa. Si basi tena. Akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kuumwa kifua wala kukata pumzi, moyo wake unaweza kubeba na hilo. Kwa kuwa nguvu yake bado ndogo, muulizeni daktari kwenye kliniki ijayo kabla ya kuanza. Mpaka hapo kukaa karibu, kushikana na kulala pamoja hakuna aliyekukatazeni, na naona nyote wawili mnakuhitaji. Dawa zinazomtuliza mapigo zinaweza kupunguza nguvu za kiume. Ikitokea, aseme kliniki. Asinunue vidonge vya kuongeza nguvu mtaani, kwa sababu vikikutana na dawa ya nitreti ya kuweka chini ya ulimi presha inaweza kuanguka ghafla akafa.

Shamba msiuze, angalau sasa. Kulikuwa na miaka ambapo safari ya India ilikuwa ya lazima kwa sababu hapakuwa na pa kuzibulia mshipa. Leo Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015, Nairobi na Kampala nazo zina vyumba vya kazi hiyo, na kwa mumeo kazi hiyo imeshafanyika. Kinachohitajika sasa hakipandi ndege: ni wiki zipite, na vidonge vimezwe. Hospitali ya India ingempa vidonge vilevile na kumwambia arudi baada ya miezi mitatu. Fedha hiyo inunue dawa za mwaka mzima bila kukatika, nauli za kliniki na mzani.

Fuatilieni kwa bidii kipimo cha pili cha eko. Kama karatasi ya kuruhusiwa haina tarehe yake, nendeni mkaombe tarehe. Kifanyike kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya shambulio, na ikiwezekana kwenye hospitali ileile ili namba zilinganishwe. Msiende kupima kila wiki kwa hofu. Mtapoteza fedha na kujitesa kwa pointi mbili zinazopanda na kushuka bila maana. Namba ikiwa imepanda, tuseme 42 au 48, mtajua sehemu kubwa ilikuwa imeduwaa na sasa imeamka. Dawa ziendelee hata hivyo, kwa sababu ndizo zinazoishikilia hapo. Ikiwa imepanda kidogo tu, ulizeni kama kuna msuli hai uliobaki kimya. Kuna eko inayofanywa huku mgonjwa akipewa dobutamini kidogo kwa mshipa, na msuli ulio hai huamka kwa dawa hiyo na kuonekana, wakati kovu halitikisiki.

Na kama imebaki 35 au chini, ulizeni kuhusu kifaa kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, ambacho huushtua moyo mapigo yakienda vibaya. Msishangae kwamba hamkuambiwa habari zake tangu mwanzo. Utafiti uliotolewa 2004 ulijaribu kukiweka katika siku 40 za kwanza, na hakikupunguza vifo kwa jumla. Ndiyo maana madaktari husubiri zaidi ya siku hizo, na miezi mitatu tangu mshipa uzibuliwe, kwani wengi wanaosoma chini ya 35 mwanzoni hawasomi hivyo tena baadaye.

Siku ya kliniki chukueni daftari la uzito, vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, na karatasi ya eko ya kwanza. Mwende na shemeji yako, aulize maswali yake mwenyewe mbele ya daktari.